Jinsi ya kufuatilia jina adimu la ukoo wa Kiingereza: mfano wa Birdwhistle

Jina adimu hufuatilika kirahisi kuliko Smith, kwa kuwa wenye nalo ni wachache na mara nyingi chimbuko lao ni sehemu moja. Tuchukue Birdwhistle. Kwa Kiingereza bird ni ndege na whistle ni mluzi, kwa hiyo mwenye haraka atasema wahenga wao walipiga mluzi wa ndege. Maana iacheni kwanza, ina zamu yake.

Hatua ya 1: Kusanya maumbo ya jina. Makarani waliandika walichosikia: Birtwistle, Birtwhistle, Birdwhistle, hata Birdwhistell, kama la mwanaanthropolojia wa Marekani, Ray Birdwhistell. Kwenye FreeBMD, tovuti ya bure ya faharasa za waliozaliwa, waliooana na waliofariki, andika Bir*ist* na utayanasa yote kwa mkupuo.

Hatua ya 2: Rudi nyuma kizazi kwa kizazi. Anza na mtu unayemjua. Usajili wa serikali wa Uingereza na Wales unafika Julai 1837. Kuanzia robo ya tatu ya 1911, faharasa ya waliozaliwa ya FreeBMD inaonyesha pia jina la ukoo la mama. Hapo ndipo majina yanayofanana hutengana.

Hatua ya 3: Chora ramani. Sensa ya 1841 haitaji parokia ya kuzaliwa, kwa hiyo tumia ya 1851 na ya 1881. Hii ya pili ipo bure kwenye tovuti ya FamilySearch. Weka nukta kila unapolikuta jina. Zitasongamana mashariki mwa Lancashire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Mtunzi wa muziki Harrison Birtwistle naye alizaliwa huko, Accrington, 1934.

Hatua ya 4: Ingia kanisani. Rejista za parokia ziliamriwa 1538. Wanaojitolea wa mradi wa Lancashire Online Parish Clerks wamenakili nyingi. Ukikuta pengo, tafuta nakala zilizopelekwa kwa askofu.

Hatua ya 5: Sasa uliza maana. Birtwistle palikuwa mahali, karibu na mji wa Padiham, hukohuko Lancashire. Katika Kiingereza cha kale, *twisla* ni panda ya mto. Ndiyo iliyomo pia kwenye Oswaldtwistle na Entwistle, majirani zake. *Bridd* ni kinda la ndege. Kwa hiyo ndege yumo kweli, ila mluzi umepachikwa na watu waliokuwa hawaielewi tena *twistle*.

Na ukiuziwa “nembo ya ukoo wa Birdwhistle”, usitoe hela. Uingereza nembo hupewa mtu na uzao wake, si kila mwenye jina.