Jinsi ya kutumia nyenzo za kusaidia uamuzi wa chakula wilayani: mfano wa Handeni

Kabla ya kufungua ramani au programu yoyote, andika uamuzi unaosubiriwa, atakayeutoa, na siku ya mwisho ya kuutoa. Kwa Handeni, wilaya ya mkoa wa Tanga, swali linaweza kuwa hili: je, halmashauri ihimize mtama na muhogo vuli hii, au iendelee kugawa mbegu za mahindi? Jibu linatakiwa kabla wakulima hawajanunua mbegu, na kwa hiyo modeli inayotoa matokeo Novemba, hata ikiwa sahihi kiasi gani, haifai kwa uamuzi huu.

Anza na utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Usome kama uwezekano: mvua juu ya wastani, za wastani au chini ya wastani. Utabiri huo hutolewa kwa maeneo mapana, ilhali Lushoto, juu ya milima ya Usambara, na Handeni, iliyo tambarare na kavu zaidi, hazifanani hata kidogo. Ongeza basi takwimu za mvua za CHIRPS, ambazo huunganisha picha za setilaiti na vipimo vya ardhini, zinapatikana bure na zinaanzia mwaka 1981, na kila mraba wake una upana wa takribani kilomita 5. Zilinganishe na madaftari ya vipimo vya mvua yaliyopo wilayani.

Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa mara nyingi, nami naiona kuwa muhimu kuliko zote: ipe nyenzo mtihani wa miaka iliyopita. Ipe taarifa zilizokuwapo kabla ya vuli ya 2016, iliyokuwa haba, na kabla ya vuli ya 2019, iliyojaa mvua kwa sababu bahari ya Hindi upande wa Afrika Mashariki ilikuwa na joto kuliko kawaida. Kisha waulize maafisa ugani na wazee wa vijiji walivuna nini miaka hiyo. Nyenzo isiyoitambua tofauti kati ya misimu hiyo miwili isipelekwe kwenye kikao, hata kama ramani zake zinavutia. Mabadiliko ya tabianchi yanaongeza sababu ya kurudia mtihani huu kila baada ya miaka michache, kwa kuwa wastani wa zamani hauelezi vizuri misimu ya sasa.

Mvua pekee haielezi njaa. Kokotoa uwiano wa utoshelevu, yaani uzalishaji wa chakula ukigawanywa kwa mahitaji na kuzidishwa kwa 100: chini ya 100 ni upungufu, na kuanzia 120 ni ziada. Hata hivyo, wilaya yenye 110 inaweza kuwa na kata ambayo kaya zake zinauza mbuzi ili zinunue unga. Ndiyo maana MUCHALI, yaani Mfumo wa Uchambuzi wa Uhakika wa Chakula na Lishe, huchunguza kaya zenyewe. Nawe fuatilia bei ya gunia la mahindi na ujira wa vibarua katika minada ya eneo lako.

Mwisho, mpelekee mkurugenzi jedwali la ukurasa mmoja linaloonyesha hasara ya kila kosa: kuhimiza mtama mvua zikanyesha vizuri, au kugawa mahindi mvua zikakatika. Jedwali hilo litaje pia kiwango cha uwezekano wa mvua chini ya wastani ambacho kikifikiwa mbegu za mtama zitaagizwa, na kikao kikipitishe mapema, kabla utabiri haujatoka.