Jinsi ya kuchambua uamuzi wa sera ya nje, kwa mifano kutoka kusini mwa Tanzania

Kazi yangu hapa Mtwara ni kuandaa vipindi vya redio vya uchambuzi wa habari, na habari ninazoombwa kuzifafanua mara nyingi ni za namna hii: serikali imesaini mkataba na nchi fulani, imekataa kusaini, imepeleka askari nje au imefunga mpaka. Wachambuzi wengi huanza na hotuba za viongozi. Mimi huanza na mzigo, yaani bidhaa inayovuka mpaka, anayeilipia na anayebaki na faida, kisha ndipo ninarudi kwenye misimamo na historia. Utaratibu huu unamfaa mwandishi wa habari, mwalimu wa uraia na mwanafunzi wa kidato cha sita.

Hatua ya kwanza: uandike uamuzi wenyewe kwa sentensi moja

"Uhusiano wa Tanzania na Ulaya" si uamuzi, ni uwanja mzima. Andika hivi: "Mwaka 2016 Tanzania ilikataa kusaini Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi kati ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya, unaojulikana kwa kifupi EPA." Sentensi hiyo ina mwamuzi, mwaka na jambo lililoamuliwa. Ukishindwa kuiandika, bado huna cha kuchambua.

Hatua ya pili: fuata mzigo

Hapa ndipo ninapokuomba utumie muda mwingi zaidi. Nenda kwenye ghala kuu msimu wa korosho unapoanza, mwezi Oktoba. Mkulima wa Newala au Tandahimba amezipeleka korosho zake kwenye chama cha msingi cha ushirika, zimepimwa na kupangiwa daraja, zimesafirishwa hadi ghalani, na sasa zinasubiri mnada chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima hupewa hati ya mzigo wake uliohifadhiwa ghalani hadi uuzwe. Sehemu kubwa ya magunia hayo itapakiwa melini ikiwa korosho ghafi na kwenda India na Vietnam, ambako viwanda vya kubangua ni vingi. Tazama maana yake kwa sera ya nje. Nchi inayotaka korosho ghafi ili viwanda vyake visikose kazi haina haraka ya kutuona tukibangua wenyewe, na nchi inayotegemea wanunuzi wachache huzungumza nao kwa uangalifu. Kwa hiyo kila unaposikia ujumbe wetu umekwenda New Delhi au Hanoi kuzungumzia biashara, uliza kwanza kama korosho iliyobanguliwa imo kwenye ajenda.

Sasa rudi kwenye EPA. Kenya ilisaini Septemba 2016 pamoja na Rwanda, Tanzania ikakataa. Ukisoma hotuba peke yake utadhani nchi moja inaipenda Ulaya kuliko nyingine. Fuata mzigo: Kenya haimo katika kundi la nchi zenye maendeleo duni zaidi duniani, kwa hiyo bila mkataba maua yake yangetozwa ushuru Ulaya, kama yalivyotozwa kwa takriban miezi mitatu mwishoni mwa 2014. Tanzania imo katika kundi hilo, na bidhaa zake huingia katika soko la Ulaya bila ushuru, isipokuwa silaha, iwe imesaini EPA au haijasaini. Kukataa kuligharimu kidogo upande wa mauzo, ilhali kukubali kungefungua soko letu kwa bidhaa za viwandani kutoka Ulaya wakati serikali ikitangaza kwamba inajenga uchumi wa viwanda. Ndiyo sababu nchi mbili jirani, zilizo katika jumuiya moja, zilifikia maamuzi yanayopingana na kila moja ikawa na hesabu inayoeleweka. Siku Tanzania itakapotoka katika kundi hilo, hesabu hiyo itabadilika, na mchambuzi makini aseme hivyo mapema.

Hatua ya tatu: tafuta mwenye kauli nyumbani

Rais ndiye kiongozi mkuu wa sera ya nje, lakini hayuko peke yake. Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba inalipa Bunge mamlaka ya kujadili na kuridhia mikataba yote inayohusu Jamhuri ya Muungano ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Novemba 2016 wabunge waliujadili mkataba wa EPA na kuishauri serikali isiusaini, jambo lililoupa msimamo wa serikali uzito zaidi mbele ya washirika wake.

Nje ya Bunge wapo wananchi. Bomba la gesi kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilijengwa kwa mkopo wa China, na kwa maofisa wa nchi zote mbili lilikuwa jambo la ushirikiano. Kwa watu wa Mtwara lilikuwa swali la nini kitabaki hapa. Mei 2013, bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ilipowasilishwa bungeni, ghasia zilizuka mjini na watu walipoteza maisha. Naliandika hili kwa uzito wake, kwa sababu mkataba unaopendeza mezani kwa mabalozi unaweza kuwa haujaelezwa kabisa kwa watu wanaoishi juu ya rasilimali yenyewe. Katika uchambuzi wako, kundi lisiloulizwa nalo liandikwe.

Hatua ya nne: fungua ramani

Mto Ruvuma unatutenganisha na Msumbiji, na kila kinachotokea Cabo Delgado, jimbo lake la kaskazini lenye uasi wa wapiganaji wenye itikadi kali, hutufikia. Oktoba 2020 wapiganaji kutoka ng'ambo walishambulia kijiji cha Kitaya, upande wetu wa mto. Machi 2021 mji wa Palma, huko Cabo Delgado, ulishambuliwa, na mwezi uliofuata kampuni ya TotalEnergies ikasimamisha mradi wake mkubwa wa gesi huko Afungi. Julai 2021 Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) ilianza kupeleka kikosi chake Msumbiji, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zilizotoa askari. Ukiuliza kama sababu ilikuwa usalama au uchumi, umeuliza vibaya: wapiganaji, gesi na vijiji vya mpakani viko katika eneo moja. Kilichopo ni kupima kipi kilisukuma zaidi, na kwangu mimi Kitaya ina uzito kuliko Afungi, kwa kuwa serikali yoyote hulinda kwanza ardhi yake.

Hatua ya tano: pima msimamo kwa gharama yake

Mchambuzi anayefuata mzigo tu ataishia kudhani kwamba kila kitu ni fedha. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi kwa sababu Tanzania iliruhusu Ujerumani Mashariki iwe na ofisi ya ubalozi mdogo Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere akaitaka iondoe na misaada iliyobaki. Desemba mwaka huohuo tulivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo), ambako walowezi wazungu walijitangazia uhuru na Uingereza haikuwazuia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukasitishwa. Wapigania uhuru wa Msumbiji wa chama cha FRELIMO nao walipewa mahali pa kufanyia mafunzo Nachingwea, huku Wareno wakiwa ng'ambo ya Ruvuma. Hakuna hesabu ya biashara inayoeleza maamuzi hayo. Kwa hiyo kiongozi akitaja msimamo wa taifa, uliza nchi ilikubali kupoteza nini kwa ajili yake. Kama haikupoteza kitu, uandike msimamo huo kuwa maelezo, usiuandike kuwa sababu.

Hatua ya sita: panga sababu kwa uzito, kisha jaribu mwenyewe

Usiandike orodha ya sababu sita zenye uzito sawa. Chagua moja iliyotangulia, nyingine zilizoisaidia, na useme ni jambo gani likibadilika litabadilisha uamuzi. Kumbuka pia kipindi: tangu sera ya mambo ya nje ya 2001 ilipoweka mbele diplomasia ya uchumi, ni haki kuidai serikali ionyeshe faida ya kiuchumi ya safari na mikataba yake.

Kwa zoezi, chukua mradi wa kusindika gesi asilia kuwa kimiminika unaopangwa Likong'o, mkoani Lindi, ambao kampuni za mafuta na gesi za Shell na Equinor zimekuwa zikiujadili na serikali kwa miaka mingi. Andika sentensi yako moja. Tafuta gesi hiyo ingeuzwa kwa nani na mradi wa Afungi ungeshindana nayo vipi. Soma sheria ya mwaka 2017 iliyolipa Bunge nafasi ya kupitia masharti hasi, yaani yasiyo ya haki kwa nchi, katika mikataba ya rasilimali, uone inampa nani nguvu mezani na inamwogopesha nani. Kisha nenda Likong'o, uwaulize waliohamishwa kupisha mradi wanaelewa nini kuhusu mazungumzo hayo.