Kiungo cha kugawa uzito kwa tela la kulala: namna ya kuchagua kinachokufaa

Gari lililozidiwa na tela hujieleza lenyewe. Nyuma limekaa chini, mbele limeinuka, usukani umekuwa mwepesi kupita kiasi, na usiku taa zinawapiga machoni bodaboda wanaokuja upande wa pili. Kiungo cha kugawa uzito kimetengenezwa kwa hali hiyo. Kina vyuma viwili vya springi vinavyoanzia chini ya tufe la nyuma ya gari linaloshika tela, na kushikwa kwa minyororo au mabano kwenye chesisi ya tela. Ukivikaza, sehemu ya mzigo inarudi kwenye tairi za mbele za gari, na nyingine inaenda kwenye tairi za tela.

Wateja wengi hapa Tanga huanza kwa kuuliza bei, wengine huanza kwa kupapasa unene wa chuma. Mimi naanza na uzito wa pua ya tela, yaani uzito ambao mbele ya tela inaukandamizia kwenye tufe la gari. Lakini kabla ya hapo kuna swali moja la kumaliza.

Hatua ya 1: Je, gari na tela vinakikubali?

Fungua kitabu cha gari. Wapo watengenezaji wanaokataza kabisa kiungo cha aina hii, na wapo wanaokiagiza tela likishapita uzito fulani. Kisha chungulia nyuma ya gari. Kiungo hiki huchomekwa kwenye bomba la mraba, kwa kawaida la inchi 2, lenye kibandiko cha uzito unaoruhusiwa. Shingo iliyopinda yenye tufe la milimita 50, ambayo magari mengi ya Ulaya huja nayo, haina pa kukipokea.

Nenda kwenye tela. Matela ya kulala ya wasafiri wanaopita huku, hasa yaliyotengenezwa Afrika Kusini na Ulaya, mara nyingi yana breki za kusukumana: gari likipunguza mwendo, tela linasukuma kichwa chake cha mbele, nacho kinavuta breki. Kichwa hicho lazima kiteleze bila kizuizi, na vyuma vya springi vinaweza kukikaba. Kama mtengenezaji hajaandika kwamba vinapatana, usinunue. Panga mzigo upya, imarisha springi za nyuma za gari, basi. Tela la kuchomelea mtaani lenye bomba moja tu mbele halifai pia, kwa sababu mabano yanahitaji chesisi yenye umbo la herufi A.

Hatua ya 2: Pima uzito wa pua

Pima tela likiwa limepakiwa kama siku ya safari: maji, mtungi wa gesi, jiko, magodoro, vyombo. Ukipima tela tupu unajifurahisha tu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 100 lililo mbele ya ekseli linaweza kubadilisha hesabu yote.

Mizani ya jukwaa, ile ya kupimia magunia, inafaa sana ukiweza kuiazima. Ukiikosa, mizani ya bafuni inatosha. Chukua ubao mnene, upande mmoja uegemee tofali na mwingine mizani, umbali kati yao uwe futi 3. Soma kwanza uzito wa ubao wenyewe uuandike. Kisha zuia tairi za tela, liweke sawa na ardhi, shusha pua ikae juu ya ubao futi 1 kutoka kwenye tofali. Toa uzito wa ubao, kinachobaki zidisha kwa 3. Ukibakiwa na 80, pua ina kilo 240.

Lengo ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela lililopakiwa. Tela la kilo 2,000 liwe na pua ya kilo 200 hadi 300. Ikiwa chini ya hapo, tela litakuchezea mkia barabarani, na dawa yake ni kusogeza mzigo mbele. Usinunue kiungo cha kuficha upakiaji mbaya.

Ukitaka kuona kwa nini kilo hizo zinasumbua, fanya hesabu ya wenzo. Chukua gari lenye mita 2.85 kati ya ekseli, na tufe lililo mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Pua ya kilo 250 inaondoa kilo 105 hivi kwenye tairi za mbele, na ekseli ya nyuma inabebeshwa kilo 355. Kilo hizo 105 ndizo zinazoshika kona, na ndizo unazohitaji kuzirudisha.

Hatua ya 3: Chagua nguvu ya vyuma

Kwenye uzito wa pua ongeza mizigo iliyo ndani ya gari nyuma ya ekseli ya nyuma. Pua ya kilo 240 na friji na jenereta za kilo 60 ni kilo 300. Vyuma vya Marekani vinaandikwa kwa ratili, na kilo moja ni ratili 2.2, kwa hiyo unatafuta kitu cha ratili 660. Vya 600 havitoshi, vya 800 vinafaa. Vya 1,200 utauziwa kwa maneno matamu ya "ukubwa ni usalama", lakini ni vigumu mno: vinarusha gari kwenye matuta na kuitesa chesisi ya tela.

Angalia pia uzito wa juu wa tela uliogongwa kwenye kiungo. Na ujue kwamba kiungo hakiongezi uwezo wa gari wa kuvuta hata kilo moja.

Hatua ya 4: Chagua aina

Vyuma vya mviringo huning'inia chini zaidi. Vile vinavyoingia ubavuni mwa kichwa cha kiungo hukaa juu, na kwa matuta yetu mimi napendelea hivyo. Kama unakwenda Korogwe kupitia Segera, ambako mabasi na malori yanakupita kwa upepo wa kukusukuma kando, lipia aina yenye mabano ya msuguano ya kuzuia kuyumba. Mabano hayo usiyapake grisi hata yakilia. Chumvi ya bahari itaanza kuyala, hivyo yaoshe kwa maji yasiyo na chumvi.

Kimo cha shingo ya kiungo, kile kipande kinachochomekwa kwenye bomba la gari na kubeba tufe, ni jambo la dakika mbili: tela likiwa sawa na ardhi, pima kutoka chini hadi kwenye kichwa chake, linganisha na bomba la gari, nunua shingo inayofidia tofauti. Kukata na kuchomelea shingo, hapana.

Hatua ya 5: Funga, kisha pima madigadi

Pima kutoka ardhini hadi ukingo wa madigadi ya mbele kabla ya kufunga tela. Tuseme sentimita 90. Funga tela bila vyuma, pima tena: 93. Sasa tumia jeki ya tela kuinua pua pamoja na nyuma ya gari, ndipo uvifunge vyuma. Usisimame mbele ya wenzo, ile fimbo ya kupandishia mnyororo, maana ukichomoka unavunja mkono.

Shusha jeki, pima. Kama kitabu cha gari hakijataja kipimo chake, tafuta kati ya 91.5 na 90. Ikizidi 91.5, ongeza mkazo kwa pingili moja ya mnyororo. Ikishuka chini ya 90 umekaza kupita kiasi, na tairi za nyuma zimepoteza mshiko.

Ukifika kwenye ngazi ya pantoni, mtaro mkubwa au njia ya shamba iliyochimbika, simama ulegeze vyuma kabla ya kupita, kwa sababu gari na tela vikipindana vyuma hubeba mzigo usio wake. Pita taratibu, kisha uvikaze kwa pingili zilezile ukirudi kwenye lami.