Umebambikiwa kesi: useme hadharani au unyamaze kwanza?

Najua ilivyo, jina lako linatembea mitaa ya Tabora, Ng'ambo mpaka Isevya, kwamba we ni mwizi, usiku hulali, simu iko mkononi unataka uandike kila kitu Facebook sa hivi hivi. Subiri kidogo. Mi nilisingiziwa wizi wa pikipiki hapa hapa Tabora, nikalala selo siku mbili, kesi ikaenda miezi mitano, kwaiyo naongea kitu kilichonipata.

Kwanza angalia habari imefika wapi. Kama inasemwa mtaani tu na kwenye grupu la kikoba, ukiposti unawapelekea tuhuma watu wa Nzega na Dar ambao walikuwa hata hawajui, na watabaki na neno "wizi" tu, maelezo yako marefu hawasomi. Hapo nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kaa na ndugu, na bosi wako, ongeeni uso kwa uso. Mama yangu alizunguka nyumba kwa nyumba kwa miguu yake na ilinisaidia kuliko kitu kingine chochote.

Alaf kesi imefikia wapi, na hapa ndo wengi tunaumia. Ikiwa bado iko polisi au mahakamani usisimulie tukio mtandaoni, maana polisi uliandikisha ulikuwa nyumbani saa tatu, huku umeandika saa mbili, ile skrini shoti inaletwa kama ushahidi na unaonekana muongo kwa kitu ulichosahau tu. Na usimtaje aliyekushtaki kwamba kahonga kama huna uthibitisho, atakudai kashfa, na ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inayogusa taarifa za uongo. Ona wakili kwanza. Hela huna? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewekwa kwa ajili ya wasio na uwezo, ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii halmashauri wakuelekeze.

Jamani, kufutiwa kesi sio mahakama kusema huna hatia! DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka wa serikali, akiondoa mashtaka unaweza kushtakiwa upya, kwaiyo usikimbilie kuandika nimeshinda.

Ila kuna wakati kusema kunaokoa kweli. 2019 mfanyabiashara wa hapa Tabora alimwandikia barua Rais Magufuli ikatoka gazetini, akilalamika kabambikiwa kesi ya mauaji, ikachunguzwa na DPP akaifuta. Yule alipeleka kilio kwa mtu mwenye uwezo wa kuagiza uchunguzi. Kama umekwama hivyo, njia ndo hiyo, na wakili aisome kabla haijatoka.

Mi nilisubiri hukumu, nikaomba nakala, nikaandika sentensi tatu tu: nilishtakiwa nini, mahakama imesema nini, tarehe gani. Komenti nilifunga, maana mdogo wangu wa kike alikuwa anasoma kila tusi analia.