Giò lụa: kutengeneza soseji ya nguruwe ya Vietnam hatua kwa hatua

Soseji hii huitwa giò lụa kaskazini mwa Vietnam na chả lụa kusini. Lụa maana yake ni hariri, na jina hilo ndilo kipimo cha kazi: kipande kinapaswa kuwa laini, chenye kunesa kikibonyezwa, cheupe chenye wekundu hafifu na vitundu vidogo vidogo. Wiki iliyopita nilimsaidia jirani ambaye mara mbili alipata nyama inayomeguka kama machicha, na kosa lake ni lile lililonipotezea siku nzima nilipoanza: joto.

Hatua ya kwanza: Kata kilo 1 ya mnofu wa paja vipande vidogo baada ya kuondoa mishipa na utando. Changanya na vijiko 4 vya chakula vya nước mắm, yaani mchuzi wa samaki waliochachushwa kwa chumvi, kijiko 1 cha sukari, vijiko 3 vya unga wa muhogo, vijiko 2 vya chai vya beking poda na pilipili manga.

Hatua ya pili: Weka mchanganyiko kwenye friza kwa takribani saa 2, hadi kingo zigande. Usage katika mashine kwa mafungu madogo, urudishe kwenye friza kwa saa 1, kisha usage tena ukiongeza maji ya barafu kidogo kidogo, hadi upate ute mzito unaong'aa na kunata. Chumvi iliyo katika nước mắm huyeyusha protini ya nyama, nayo hushika maji na mafuta pamoja. Nyama ikipata joto kabla ya kuchemshwa, mshikamano huo huvunjika na hauwezi kurekebishwa. Ninatumia kipimajoto na kusimama kila inapokaribia nyuzi 12 za Selsiasi, hata kama mashine inaonekana kufanya kazi vizuri, kwa sababu visu vyake huzalisha joto ambalo mkono huchelewa kulihisi. Bakuli na visu navyo vipozwe. Huenda msomaji akashangaa kwamba mafundi wa zamani, kama wale wa kijiji cha Ước Lễ karibu na Hanoi, walitwanga nyama ikiwa bado na joto. Lakini nyama yao ilitoka kwa nguruwe aliyechinjwa muda uleule, kabla haijakakamaa, na nyama ya namna hiyo hushikamana vyema bila barafu. Ya buchani haina uwezo huo. Wapo wanaotia boraksi ili soseji inese. Ni sumu, imepigwa marufuku katika chakula nchini Vietnam, na nyama baridi haiihitaji.

Hatua ya tatu: Pitisha majani ya mgomba juu ya moto yalainike, gawa nyama mafungu mawili, uifunge kwa tabaka 3 na kuikaza kwa kamba bila kuacha hewa. Sipendi karatasi ya alumini, kwa kuwa harufu ya jani ni sehemu ya ladha.

Hatua ya nne: Chemsha kwa saa 1, kisha ning'iniza hadi ipoe kabisa.

Wakati wa Tết, mwaka mpya wa Vietnam, huliwa pamoja na bánh chưng, mkate wa wali wenye kunata, na vitunguu vya achari. Siku nyingine hutiwa ndani ya mkate wa bánh mì, au huandamana na bánh cuốn, yaani chapati nyembamba za unga wa mchele zilizopikwa kwa mvuke na kukunjwa. Ninayoipenda zaidi ni bún thang ya Hanoi, ambamo hukatwa nyuzi nyembamba juu ya tambi zenye supu ya kuku. Kwa mlo huo, ikate ikiwa baridi kutoka kwenye friji.