Kuipa baiskeli ya kukunja gia nyepesi ya kupandia Changamwe

Baiskeli nyingi za kukunja za gurudumu la inchi 20 na gia 7 huja na sproketi ya mbele ya meno 52 na friwili (fungu la gia za nyuma) ya meno 14 hadi 28. Kwa kisiwani Mombasa zinatosha. Ila ukivuka Makupa na kuanza kupanda Changamwe, gia nyepesi kabisa bado inadai mita 2.8 kwa kila mzunguko wa pedali, na magoti ndiyo yanayolipa.

Piga hesabu kabla ya kununua chochote: meno ya mbele gawa kwa ya nyuma, zidisha kwa mzingo wa tairi, kama mita 1.5. Ukiweka 42 mbele unapata mita 2.25. Ukiongeza na friwili ya 14–34, mita 1.85. Gia nzito nayo hushuka hadi mita 4.5, yaani km 21 na ushei kwa saa ukikanyaga mizunguko 80 kwa dakika. Kwa foleni za Digo Road, nani anahitaji zaidi? Anza na mbele. Huenda friwili usiiguse.

1. Kagua sproketi. Ikiwa imepigwa ribiti kwenye kranki (mkono wa pedali), nunua kranki ya kulia nzima. Ikiwa ina bolti 5, pima kutoka katikati ya moja hadi inayofuata. Milimita 76 ni saizi ya 130 (kipenyo cha duara la bolti kwa milimita), isiyokubali chini ya meno 38. Milimita 65 ni saizi ya 110.

2. Fungua bolti ya kranki, kisha ingiza puleri (kifaa cha kuvutia kranki itoke) kwa mkono mpaka mwisho wa uzi. Ikishika nyuzi mbili tatu tu ukalazimisha na spana, itang'oa uzi wote.

3. Funga sproketi mpya, ukikaza bolti kwa kupishanisha. Rudisha kranki na uikaze sawasawa (Nm 35 hadi 40). Ikaze tena baada ya safari ya kwanza: kranki iliyolegea hutafuna tundu lake la pembe nne, na haitakaza tena.

4. Ukiamua kubadilisha na friwili, hiyo ndiyo kazi ya jasho, maana kila ulipokanyaga uliikaza, na chumvi ya pwani ikamalizia. Toa gurudumu, tia mafuta ya kupenya, uache usiku kucha. Ingiza kifungulio chenye meno yanayolingana, ukishikilie kwa nati ya ekseli, kisha kibane kwenye jiliwa. Ukitazama kutoka juu, zungusha gurudumu kinyume cha saa. Ikishaachia tu, legeza nati kwanza ndipo uendelee. Mpya ipakwe grisi kwenye uzi na ianze kwa vidole. Ikiingia upande, habu (kitovu cha gurudumu) ya alumini imekwisha.

5. Zungushia cheni sproketi ya mbele na gia kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye direila (kihamisha cheni cha nyuma), ivute hadi ncha zikutane, ongeza pingili 2, kata.

6. Direila nyingi za bei nafuu hukomea meno 28, kwa hiyo ya 34 inunuliwe pamoja na friwili. Kaza skrubu ya nyuma yake mpaka kigurudumu cha juu kisiguse gia kubwa.

7. Kabla ya kukunja, hamishia cheni gia kubwa ya nyuma. Ikiachwa ndogo hulegea, na huchomoka baiskeli inapofungwa.