Ubao ubebe, boksi lilie: gitaa la kwanza la boksi la sigaa

Boksi langu la kwanza nilipewa na kijana wa baa kwenye hoteli moja Paje, Unguja, wakati huo nikifanya kazi stoo. Mgeni kamaliza sigaa zake, zile sigara nene, kaacha boksi tupu la mbao, jepesi, lina bawaba mbili za shaba. Nikaenda nalo nyumbani Mwanakwerekwe. Bibi akalinusa mara moja tu: "Kitu kinanuka tumbaku hichi, kikae uani." Kikakaa uani wiki mbili.

Babu hakusema kitu, alilipiga kwa kidole tu. Yeye miaka mingi alikuwa akipiga sanduku kwenye kidumbaki, ile taarab ndogo ya harusini: sanduku la chai, fimbo moja, uzi mmoja, na harusi nzima inacheza. Kwa hiyo kwetu hakuna aliyeuliza kama boksi linaweza kutoa muziki. Wamarekani nao walikuwa wakitengeneza magitaa na fidla za maboksi ya sigaa tangu karne ya 19, mtu hana pesa ya ala ya dukani, anachukua kilichopo.

La kwanza niliharibu. Niligundisha shingo kwenye ubavu wa boksi kwa nje, nikaona limekamata. Nilipokaza uzi wa pili nikasikia "krr", na kifuniko kikabonyea kama kopo lililokanyagwa. Nyuzi za chuma zinavuta, bwana, na boksi la sigaa lina mbao za milimita tatu au nne. Haliwezi mvuto ule. Tangu siku hiyo kanuni yangu ni moja: mvuto wote ubebwe na ubao mmoja unaopita ndani ya boksi toka upande huu hadi upande wa pili. Kazi ya boksi ni kulia tu.

Ubao wenyewe uwe mgumu, mkavu, umenyooka: futi tatu, upana inchi moja na nusu, unene inchi moja. Mimi nilipata kipande cha msaji kwa fundi wa vitanda, mabaki yake. Mfenesi pia unafaa. Kabla hujauchukua, uweke jichoni kama bunduki uangalie kama umepinda. Ukipinda leo, kesho utapinda zaidi.

Vingine: vikazio vya nyuzi kutoka gitaa bovu (gitaa moja lina sita, letu la nyuzi tatu linataka vitatu, yaani unapata magitaa mawili), bolti mbili za milimita 6 zenye meno mwili mzima (nyuzi zitapita juu yake, moja karibu na kichwa, moja kwenye kifuniko), skrubu nne ndogo, msasa, na pakti ya nyuzi za chuma za gitaa.

Sasa boksi. Kwenye mbavu zake mbili fupi chora upana wa ubao na unene wake, kuanzia ukingo wa juu kabisa kushuka chini, ukate kwa msumeno wa meno madogo. Ubao ukikaa humo, uso wake uwe sawasawa na ukingo wa boksi, na mkia utokeze sentimita tatu upande wa pili. Halafu inakuja hatua ambayo watu wanairuka, kisha wanashangaa gitaa halina sauti. Ile sehemu ya ubao inayolala ndani ya boksi, ipunguze uso wake kwa patasi kama milimita tano. Kifuniko lazima kipate nafasi ya kutetemeka. Kikilala juu ya ubao, umetengeneza meza.

Upande wa kichwa fanya hivyo hivyo: sentimita kumi na tano za mwisho punguza unene kutoka juu, ubaki kama sentimita moja na nusu. Hapo nyuzi zitashuka kidogo zikielekea kwenye vikazio, na huko kushuka ndiko kunakoikandamiza bolti ya juu isihame. Matundu ya vikazio pima kwa mguu wa kikazio chako mwenyewe, usifuate kipimo cha mtu.

Kwenye kifuniko toboa matundu mawili ya sauti, sentimita mbili kila moja, karibu na pembe za upande wa shingo. Weka kipande cha ubao chini unapotoboa, la sivyo kifuniko kinachanika kwa ndani. Funga kifuniko kwa skrubu, sio gundi. Utahitaji kukifungua tena, niamini.

Mkiani toboa matundu matatu membamba, juu hadi chini, yakiachana sentimita moja. Nyuzi zinaingilia chini, vile vishanga vya mwishoni mwake vinakwama, zinapita juu ya bolti ya chini iliyolala kwenye kifuniko, zinakwenda hadi bolti ya juu, kisha kwenye vikazio. Bolti ya juu ichimbie mfereji mdogo. Ya chini usiigundishe, mkandamizo wa nyuzi unaishika. Meno ya bolti yanazuia nyuzi zisiteleze.

Kutoka bolti hadi bolti nimeweka sentimita 63.5. Chukua nyuzi namba 5, 4 na 3. Namba 4 na 3 zibaki re na sol kama kwenye gitaa la kawaida, namba 5 ilegeze kutoka la hadi sol. Unapata sol, re, sol. Ukizipiga zote wazi tayari zinaelewana, ndiyo raha yake kwa anayeanza.

Wengi wanaogopea freti, vile vichuma vinavyolazwa kwenye shingo kuonyesha sauti zilipo. Mimi sikuweka. Udi hauna freti, fidla haina freti, na hizo ni ala kubwa za taarab ya asili. Nilichukua soketi ya spana namba 19, nikaivaa kidole kidogo, nikawa naiteleza juu ya nyuzi bila kuzikandamiza ubaoni. Kichupa kinene cha kioo pia kinafaa. Alama tu nilichora kwa penseli ubavuni mwa shingo. Hesabu yake: gawa 63.5 kwa 17.817, unapata 3.56, hiyo ndiyo alama ya kwanza kutoka bolti ya juu. Kilichobaki gawa tena kwa 17.817, endelea hivyo. Kwa haraka, alama tatu zinatosha kuanza: ya 5 iko sentimita 15.9, ya 7 iko 21.1, na ya 12 iko katikati kabisa, 31.75. Chuma kikae juu ya alama yenyewe, sio nyuma yake. Ukikosea nusu sentimita, sikio litakwambia kabla ya macho.

Pwani nyuzi hushika kutu upesi. Mimi nazipangusa kwa kitambaa kikavu kila nikimaliza, na masika nazikaza upya karibu kila siku maana mbao inavuta unyevu.

Nyuzi tatu zinazobaki kwenye pakti usizitupe. Namba 1 na 2 ziko kwenye kopo la biskuti ninalolitengeneza sasa. Namba 6, ule mnene, niliutafuta siku mbili, nikaukuta umefungwa kwenye sanduku la babu. Anasema unamkata vidole. Hajaufungua.